Klarineti ya Tatu Nayo Ina Lake la Kusema

Nikipewa karatasi za muziki mpya, sianzi kwa kuuliza mtunzi ni nani wala solo kapewa nani. Naichukua karatasi ya klarineti ya tatu, naisoma kutoka juu hadi chini. Mtunzi aliyeipa klarineti ya tatu kazi ya maana, huyo tutaelewana. Aliyeijaza noti ndefu zisizokwenda popote na mapigo ya kuzibia nafasi, kwangu amepunguza kitu, hata kama ukumbi mzima utasimama kumpigia makofi.

Kiti hicho cha klarineti ya tatu ndicho changu. Nakikalia kwa kukipenda, katika bendi ya wapenzi wa muziki kwenye mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Tupo walimu, wauguzi, wastaafu, na fundi bomba anayepiga tuba vizuri kuliko watu wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Bendi nyingi huiona klarineti ya tatu kuwa mahali pa kumweka anayejifunza mpaka awe tayari kusogea mbele. Naona ni hasara kubwa. Vipande ninavyovipenda zaidi, vya kupiga na vya kusikiliza, karibu vyote vilitungwa na watu waliokataa kufikiri hivyo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa karibu na bendi ya aina hii: si bendi ya dansi, na orkestra si yenyewe, kwa sababu haina fidla. Ni ala za kupuliza, za mbao na za shaba, na ngoma nyuma yake. Kuna filimbi, oboi, fagoti, saksafoni, honi, tarumbeta, tromboni, yufoniamu na tuba. Katikati ya wote hao ziko klarineti, kumi au zaidi, zimegawanywa ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama kwaya inavyogawanywa soprano, alto na tenor. Kazi ambayo orkestra huwapa wapiga fidla, bendi huwapa wapiga klarineti. Ndiyo maana mikono yetu haipumziki, na ndiyo maana bendi ikiwa na klarineti dhaifu hata tarumbeta nzuri kiasi gani haziwezi kuiokoa.

Mara ya kwanza kuiona klarineti nilikuwa mtoto Dar es Salaam, kwenye sherehe za Desemba 9, bendi ikipita na gwaride. Niliuliza ile nyeusi ndefu inaitwaje, hakuna aliyejua. Nilikuja kujifunza kuipiga ukubwani, huku ugenini.

Ala hii ina tabia ambayo inaeleza mengi nitakayoyasema. Ukiipuliza filimbi kwa nguvu zaidi huku vidole viko palepale, inaruka hadi noti ileile ya oktava ya juu, yaani noti ya nane kuhesabu kutoka pale. Klarineti ni bomba lililonyooka ambalo upande mmoja limezibwa na mdomo wa mpigaji, kwa hiyo haisimami kwenye oktava. Inaruka mbali zaidi, hadi noti ya kumi na mbili. Matokeo yake ni sauti mbili tofauti ndani ya ala moja: chini ni nene, tulivu, yenye giza, juu ni angavu na kali. Katikati kuna noti chache nyembamba ambazo unazipiga vidole karibu vyote vikiwa wazi. Ukitaka kutoka hapo kwenda juu, vidole vyote vinatakiwa kushuka kwa pamoja na kuziba matundu yote. Tundu moja likivuja kidogo, ala inapiga kelele na kila mtu anageuka.

Mtunzi asiyeijua klarineti huiweka sauti ya tatu hapohapo kwenye noti nyembamba, kurasa nzima. Anayejifunza anapewa noti ngumu kuliko zote kuzipendezesha, halafu anaambiwa hapendezi. Mtunzi anayeijua anaishusha sauti ya tatu mpaka chini kabisa, kwenye ule unene, na ghafla safu nzima ya klarineti inapata sakafu ya kusimamia.

Gustav Holst, mtunzi wa Kiingereza, aliijua. Kabla ya kuwa mwalimu wa muziki kwenye shule ya wasichana ya St Paul's huko London, aliishi kwa kupiga tromboni, na mpiga tromboni ni mtu anayekaa kimya muda mrefu akisikiliza wenzake wanafanya nini. Mwaka 1909 alitunga Suiti ya Kwanza kwa ajili ya bendi ya kijeshi. Siku hizo bendi za Uingereza zilijilisha kwa muziki wa gwaride na vipande vya opera vilivyopangwa upya, kwa hiyo mtu wa kiwango chake kukaa chini na kuwaandikia muziki wao wenyewe lilikuwa jambo la heshima. Suiti ina sehemu tatu. Ya kwanza ni Chaconne: vipimo vinane vya mapigo matatu, vinaanzishwa na tuba na yufoniamu peke yao, halafu vinarudiwa kutoka mwanzo hadi mwisho huku kila kundi likiingia kwa zamu na kufanya lake juu yake. Mara ni shaba nzito, mara sisi wa mbao tunakimbia kwa noti fupifupi, mara inabaki ala moja inasema peke yake. Kuna mahali Holst anaupindua wimbo ule, pale ulipopanda sasa unashuka, na hali yote inabadilika kuwa ya huzuni kwa noti zilezile.

Mimi hupenda kukaa ndani ya Chaconne kuliko kuisikiliza kwenye spika. Kwenye kiti changu, saksafoni ziko karibu na bega la kushoto na honi nyuma yangu, kwa hiyo wimbo unanifikia kila mara kutoka upande tofauti. Unausikia unakuja, unajua sasa ni zamu yako, unaupokea, unauachia mwingine. Msikilizaji wa ukumbini anausikia wote umekwisha changanyika.

Sehemu ya pili, Intermezzo, ndiyo kipande ambacho ningemchezea mtu yeyote anayetaka kujua klarineti ni nini. Inaanza kwa wepesi, noti zinarukaruka, kila mtu anapuliza kidogo tu. Halafu katikati mwendo unatulia na klarineti ya kwanza inatoka peke yake na wimbo mrefu wa kimaina, ile ngazi ya noti yenye huzuni, usio na haraka yoyote. Solo hiyo si yangu, na sijawahi kuitamani. Kazi yetu wengine wakati huo ni kupunguza sauti mpaka mpigaji asilazimike kusukuma. Anayepiga solo kwetu ni mwanamama mstaafu, na akifika kwenye noti ya juu kabisa hafumbi macho wala hayumbi, anakaa wima tu na kuiachia. Nikiwa karibu naye nasikia hata hewa inavyopita pembeni ya ulimi wa klarineti, kile kipande chembamba cha tete kinachotikisika mdomoni, kabla sauti yenyewe haijatoka. Hakuna kinasa sauti kinachoweza kukupa hilo.

Holst aliomba sehemu zote tatu zipigwe mfululizo bila kusimama, kwa sababu zote zimejengwa juu ya noti zilezile za mwanzo. Bado kuna bendi zinazosimama katikati zisubiri makofi. Naomba waache. Sehemu ya tatu, ya gwaride, inaanza kwa shaba kupasua hewa, kisha mbao wanaingia na wimbo mpana wa kuimbika, na mwisho nyimbo mbili zinapigwa pamoja kana kwamba siku zote zilikuwa moja. Ukikata kamba katikati, mshangao ule unapotea.

Suiti ya Pili, ya mwaka 1911, imejengwa kwa nyimbo za kiasili za Waingereza, na ndani yake kuna wimbo usio na maneno ambao huwa unanikaa kichwani wiki nzima baada ya mazoezi. Unatokana na kisa cha msichana aliyefungwa Bedlam, hospitali ya wagonjwa wa akili ya London, baada ya wazazi wa mchumba wake kumpeleka kijana baharini ili ndoa isifungwe. Klarineti na oboi ndizo zinazousimulia mwanzoni. Kisha sehemu ya mwisho ni furaha tupu: ngoma ya zamani iitwayo Dargason inazunguka bila kikomo kwa mwendo wa mapigo sita, na juu yake Holst anaulaza wimbo wa Greensleeves unaotembea kwa tatu. Mara ya kwanza wenzangu walihangaika kuhesabu. Aliyekulia pwani akasikia msondo na chapuo vikikwenda kila kimoja njia yake atakuambia hakuna haja ya kuhesabu, shika lako tu na umsikie mwenzako. Suiti inaishia kwa piccolo, ile filimbi ndogo, juu kabisa na tuba chini kabisa zikijibizana wenyewe, na fundi bomba wetu huwa anasubiri dakika hiyo tangu Jumatatu.

Hapo ningeweza kusimama na Holst nikatosheka, lakini kuna Percy Grainger.

Grainger alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1882, akaishi London, kisha akahamia Marekani hadi kufa kwake mwaka 1961. Mwaka 1905 alikwenda Brigg, mji mdogo wa Lincolnshire, akawasikia wakulima na vibarua wazee wakiimba. Mwaka uliofuata alirudi na fonografu, ile mashine ya nta, akawanasa. Wakusanyaji wengine wa wakati ule walikuwa wakiandika wimbo kwa masikio na kuunyoosha: mapigo yakipungua wanayaongeza, yakizidi wanayakata, ili wimbo ukae sawa kwenye karatasi. Grainger alikuwa anairudisha nta tena na tena, akaandika kila alichosikia, pamoja na pale mzee aliposita, alipovuta neno, alipoingia mapema. Mmoja wa waimbaji wake, Joseph Taylor, alipelekwa London mwaka 1908 kurekodiwa na kampuni ya Gramophone, na sauti yake bado inapatikana. Isikilize. Ni mzee anayeimba kwa uangavu wa kijana.

Miaka thelathini hivi baadaye Grainger alizichukua nyimbo hizo akaziandikia bendi: Lincolnshire Posy, iliyopigwa mara ya kwanza Milwaukee, Marekani, Machi 1937. Ina sehemu sita, na alieleza kuwa kila sehemu ni picha ya mtu aliyemwimbia: tabia yake, jinsi alivyovuta maneno, jinsi alivyokaba au kuachia sauti. Kwa hiyo mapigo hayakai mahali pamoja. Katika Rufford Park Poachers, kisa cha wawindaji wa siri waliopambana na walinzi wa shamba la bwana mkubwa, unahesabu nne, kisha tano, kisha kitu kingine, kwa sababu mzee Taylor aliimba hivyo. Inaanza na piccolo na klarineti ya kwanza wakitembea pamoja, na nyuma yao klarineti ndogo ya E-flat na klarineti ya besi wakiwafuata kwa wimbo uleule, wamechelewa kidogo tu. Ni watu wanaonyatiana usiku. Wapigaji wanne hao wako peke yao kabisa, mmoja juu sana na mwingine chini sana, na kila bendi niliyoisikia ikipiga kipande hiki imetetemeka hapo kidogo. Kutetemeka kwenyewe kunanoga.

Katika Lord Melbourne kuna vipimo ambavyo havina hesabu yoyote. Kiongozi wa bendi anainua mkono, anaamua noti idumu muda gani, na shaba wanamfuata jicho kwa jicho. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilikumbuka wazee wanavyoghani utenzi: pumzi na maneno ndivyo vinavyoamua, saa haina kauli. Kuna viongozi wanaojaribu kuyapanga haya mapema, noti hii mapigo matatu, ile mawili. Bendi inasikika salama, na mwimbaji ametoweka.

Sehemu yangu ninayoipenda zaidi humo ni fupi na haina kishindo. Ni The Brisk Young Sailor, baharia anayerudi kumwoa aliyemwacha. Inaanzishwa na klarineti, na hapo ndipo sauti ya tatu inapolipwa haki yake. Tuko chini, kwenye ule unene, tunaimba pamoja na waliopo juu yetu, na sauti zetu zinapishana kiasi kwamba ukiipiga ya tatu peke yako nyumbani bado unasikia wimbo kamili. Grainger alikuwa na msimamo juu ya jambo hili. Kuhusu Molly on the Shore, ngoma ya Kiayalandi aliyoitunga mwaka 1907 kwa ala za nyuzi akampa mama yake siku ya kuzaliwa, kisha akaipanga kwa bendi mwaka 1920, aliandika kwamba alijitahidi sauti zote za kusindikiza ziwe na tabia ya wimbo kama wimbo wenyewe. Molly inaanza na klarineti, kwa kasi, nyepesi, na vidole vinauma vizuri. Ukimaliza ukurasa wa kwanza bila kuvunjika, umeshajua kama mwaka huu ulifanya mazoezi.

Baada ya hao wawili, mtunzi ninayemshukuru ni Alfred Reed wa New York, aliyefariki mwaka 2005. Reed aliithamini familia nzima ya klarineti, kuanzia ndogo ya E-flat hadi ya besi kuu, akaiandikia kama kundi linalojitosheleza. Armenian Dances, sehemu ya kwanza, ilipigwa mara ya kwanza Januari 1973 na bendi ya Chuo Kikuu cha Illinois chini ya Harry Begian, kiongozi mwenye asili ya Armenia ambaye Reed alimtunukia kazi hiyo. Nyimbo tano zilizomo zinatoka katika kazi za Komitas, padri wa Kiarmenia aliyezunguka vijijini akiandika maelfu ya nyimbo za watu wake. Mwaka 1915 alikamatwa na kupelekwa uhamishoni pamoja na wasomi wengine wa Kiarmenia wa Constantinople. Aliokoka, lakini akili haikurudi tena kama zamani, na alifia Paris mwaka 1935. Nyimbo alizoziokoa kwenye karatasi zimeokoka pia kwa watu wengi ambao vijiji vyao havipo.

Wimbo wa kwanza ni wa mti wa mprikoti, wa pili ni wa kwale anayedokoa hatua ndogondogo, wa tatu ni wa mapigo matano, wa nne ni wa mlima Alagyaz, wa tano unaitwa Gna Gna, nenda nenda, na kweli unakwenda. Karatasi tuliyonayo ni ya kuazima, imepita mikononi mwa bendi nyingi, na kwenye ule wa mapigo matano kila aliyeikalia ameacha alama ya penseli: vijistari vya kugawa mbili na tatu, tatu na mbili, na pembeni mtu amechora miwani midogo, maana yake tazama mbele. Sikuifuta. Nimeongeza kistari kimoja changu. Mwisho wa Gna Gna ndiyo mahali ninapofurahi kuliko pote katika muziki wa bendi, kwa sababu hakuna wa kwanza wala wa tatu tena, sote tunakimbia na kufika pamoja.

Mti wa mprikoti una maana yake kwa Waarmenia: duduk, ala yao ya kupuliza yenye sauti ya kulia, huchongwa kwa mbao zake. Nasi mti wetu tunaujua. Klarineti yangu ni mpingo, na karibu klarineti zote za kiwango cha juu duniani ni mpingo, ambao kwa sehemu kubwa hutoka Tanzania na Msumbiji. Mabonge hukatwa Lindi, Mtwara, Kilwa, husafirishwa hadi viwanda kama kile cha Buffet Crampon huko Mantes-la-Ville, Ufaransa, hukaushwa, hutobolewa, na kurudi duniani kama ala. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mti huchukua miongo mingi kufikia unene unaofaa. Mchonga klarineti anataka kipande kilichonyooka kisicho na ufa wala kifundo, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya gogo ndiyo inayofaa. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, cha kuvuna misitu yao kwa mpango, na wanakijiji wakaanza kulipwa bei inayoeleweka kwa mti uliokuwa ukiondoka kwa vijisenti. Nawataja wanabendi wenzangu jambo hili kila ninapopata nafasi. Wengi wamepiga mpingo maisha yao yote na hawajui unaota wapi.

Mti huo haupendi majira ya baridi ya huku. Moto wa nyumba ukiwashwa hewa inakauka, mbao inasinyaa, na klarineti mpya inaweza kupasuka kutoka juu hadi kwenye tundu la kwanza. Ndiyo maana kwenye sanduku langu, kuanzia Novemba, utakuta ganda la chungwa. Linatoa unyevu kidogo, na chumba cha mazoezi kinanukia.

Festive Overture ya Shostakovich, mtunzi wa Urusi, nitaitaja haraka. Aliiandika kwa siku chache mwaka 1954 kwa ajili ya sherehe Moscow, na Donald Hunsberger akaipanga kwa bendi. Baada ya tarumbeta za kufungulia, klarineti ndizo zinazoanzisha mbio. Kuipiga ni raha isiyo na mfano, na kila kiongozi anajua akiiweka mwisho wa onyesho watu watarudi nyumbani wakitabasamu. Kuisikiliza, sivutiwi sana. Ikishakukimbiza mara moja umeshaipata yote.

Vipo vipande vya kinyume chake, ambavyo napenda kukaa upande wa wasikilizaji. Blue Shades ya Frank Ticheli, ya miaka ya 1990, ina solo ya klarineti yenye roho ya Benny Goodman, mpiga klarineti wa jazz wa Marekani, inayoteleza, inayocheka, inayopanda hadi mahali ambapo ala karibu inakataa. Hiyo ni ya kumtazama mtu mwingine akiipiga. Na kuna Russian Christmas Music, ambayo Reed aliitunga Denver mwaka 1944, akiwa askari wa bendi mwenye miaka 23. Inaanza kwa kengele na klarineti za chini kabisa, polepole, kabla ya mtu yeyote mwenye sauti angavu kuruhusiwa kusema. Ukiwa ndani ya bendi unashughulika kupokezana pumzi: mimi navuta pale mwenzangu anaposhikilia, ili noti isikatike. Ukiwa ukumbini husikii pumzi ya mtu, unasikia tu kwamba giza halina mwisho, na nuru ikija kwenye dakika za mwisho, kengele zote na shaba zote, unajua imetoka wapi.

Cha mwisho nilichokisikia kikanifanya nibaki nimekaa watu wakitoka ni Of Our New Day Begun ya Omar Thomas, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn kwa wazazi kutoka Guyana. Aliitunga kwa ajili ya watu tisa waliouawa Juni 17, 2015, wakiwa kwenye mafundisho ya Biblia katika kanisa la Mother Emanuel, Charleston, South Carolina, na ilipigwa mjini humohumo mwezi Februari uliofuata. Ndani yake kuna Lift Every Voice and Sing, ambao Wamarekani weusi huuita wimbo wao wa taifa, na kuna mahali wapigaji wanaimba, wanapiga makofi na kukanyaga sakafu. Mpangilio wa bendi unaotenganisha wa kwanza na wa tatu unakwisha hapo. Bendi niliyoiona ilikuwa ya vijana wa chuo, wengi weupe, na mwanzoni makofi yao yalikuwa ya woga. Kufikia katikati yalikuwa yamekolea. Nimemwomba kiongozi wetu tuijaribu. Amesema tuna wapigaji wachache wa kuimba kwa sauti. Nimemwambia mimi nitaimba, na klarineti za tatu wote wameniunga mkono.

Kama hujawahi kusikia lolote kati ya haya, usianze na vile vikubwa. Tafuta Suiti ya Kwanza ya Holst iliyorekodiwa mwaka 1978 na Frederick Fennell na wapigaji wa Cleveland. Fennell ndiye aliyeanzisha bendi ya Eastman Wind Ensemble mwaka 1952, akapunguza idadi ya watu jukwaani ili kila sauti isikike, na kwenye rekodi zake unaweza kuzifuata hata sauti za ndani. Ruka moja kwa moja hadi Intermezzo, ni dakika tatu hivi. Mara ya kwanza fuata solo. Mara ya pili iache, sikiliza walio chini yake.